Chumvi ya Ng'ombe Katika Bahari ya Mama Yako

Nafula,

Umeniuliza swali moja wakati wa chai, halafu ukaingia chumbani kufunga begi kana kwamba umeniuliza kama kesho kutanyesha. Yule daktari wa meno anayelitaka tanki lako la samaki anakuja asubuhi na ndoo zake. Umesema nikitaka abebe samaki na mawe na kila kitu, atabeba. Nikitaka aache, ataacha, kwa sababu mimi ndiye nitabaki na hili tanki na nijibu kabla hujatoka. Sasa nakusikia huko ndani ukilikanyaga begi lifungike, na mimi nimeshika kalamu. Mdomo wangu unaujua. Ungengoja jibu la mdomo ningelitia mzaha, ungecheka, na ungepanda ndege bila jibu. Kalamu haina meno ya kuchekea.

Mambo ya pasipoti, na ya kutobeba mzigo wa mtu usiyemjua, na ya kuvaa soksi ndani ya ndege, shangazi yako amekwambia yote, mengine ametunga mwenyewe. Mimi nayaruka. Hata hiyo kazi yako siielewi vizuri. Nimewaambia watu wa hapa Bondeni kwamba binti yangu anaenda Dubai kutunza samaki katika hoteli ambayo papa anaogelea ukutani huku watu wanakula. Mzee Barasa wa nyumba ya pili akaniuliza kwani huko samaki hawaliwi. Nikamwambia wanaliwa, lakini kwanza wanatazamwa. Akasema huo ni uchokozi.

Na kazi yenyewe umeipata kwa sababu ya tanki hili, ambalo ni dogo kuliko beseni tulilokuogeshea. Ulituma picha zake ukidhani watakucheka, wakakuita kwa simu. Kwa hivyo siwezi kulichukia. Lakini nikikujibu kwa neno moja utafikiri ni uzee, au uvivu wa kubeba maji. Lazima nianze mbali kidogo, na uongo wa mama yako.

Nasema uongo kwa sababu ndivyo nilivyouita. Mama yako alipokuwa msichana, kwaya ya kanisa lao ilipelekwa Mombasa kuimba, na walipomaliza kuimba wakawekwa kwenye mashua yenye sakafu ya kioo. Alichungulia chini akaona mawe yanafunguka na kufunga kama viganja, yenye rangi, yamejaa kila mahali. Mimi wakati huo nilikuwa nakamua ng'ombe kwenye shamba moja kule Ndabibi, na darasa langu la sita kichwani, nikijiona profesa. Habari ya mawe hayo ndiyo aliyoniambia kwanza siku tuliyokutana. Nikamwambia jiwe ni jiwe. Labda alikuwa na njaa, au wimbo ulimpanda kichwani.

Ningeliacha hapo, sawa. Lakini unanijua. Kila tulipopata wageni nilisema, "Mama Nafula, hebu waambie ile ya mawe yanayopumua," na watu wanacheka mpaka chai inamwagika. Yeye pia alicheka. Wewe ulikuwa mtoto, ulicheka kuliko wote, ukafungua na kufunga viganja vyako mbele ya uso wake. Niliona huo ndio upendo wetu, na sehemu kubwa ilikuwa ni upendo kweli. Ila kuna siku aliacha kuisimulia. Sijui ilikuwa mwaka gani. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba sijui. Mtu akikasirika unasikia sufuria. Mtu akiacha kukuambia kitu, nyumba inabaki kimya vilevile kama jana, na wewe unaendelea kula.

Halafu figo zake zikakataa kazi. Unakumbuka tulivyosogeza kitanda hadi sebuleni, hapa nilipo, ili awe karibu na dirisha. Siku za kwenda kusafishwa damu alirudi amechoka hadi hawezi kushika kikombe. Siku hizo wewe ulikuwa kwenye kile kibanda cha kutengeneza simu huko Rhonda, na nafikiri ni humo kwenye simu za watu ulikoona watu wa mbali wakijenga bahari ndani ya nyumba. Ukaja jioni moja umekumbatia vioo vilivyokatwakatwa kama mwizi wa dirisha. Nilikuuliza umevunja duka la nani. Ukasema, polepole mama asisikie, kwamba unamjengea yale mawe yake.

Nilikucheka. Naomba ukumbuke kwamba nilikucheka, usije ukaniweka kwenye hadithi yako kama baba aliyekushikia tochi ulipokuwa ukijenga.

Vioo vilikuwa mabaki ya yule fundi anayeweka madirisha ya maduka. Uliviunganisha kwa silikoni, ukanieleza kwamba si ile ya bafu iliyotiwa dawa ya ukungu, hiyo ingewaua samaki. Tanki la kwanza lilivuja lote ndani ya viatu vyangu vya kanisa. La pili likashika. Pampu ilitoka kwenye chemchemi ya bustani ya hoteli iliyofungwa, na taa ilikuwa imemulika bango la mtu aliyefilisika. Chini ukaweka ndoo ya mafuta ya kupikia, ya kuchujia maji. Mawe uliletewa na dereva wa lori la simiti, mawe ya nyumba ya zamani iliyobomolewa huko pwani, bado yana chokaa ya ukuta. Ukayasugua kwa brashi ya nguo, ukayatia kwenye pipa nyuma ya nyumba, na pipa likanuka mpaka mke wa Barasa akauliza kama tumezika kitu. Ukasema tunangoja wadudu wasioonekana wakae ndani ya mawe ndio watakula uchafu wa samaki. Nikakuuliza kwa nini tungoje wasioonekana na hapa Bondeni wanaoonekana tunao wa kugawa.

Nilitaka kukusaidia kwa akili yangu. Nikashauri tuchote maji ya ziwa letu, si yana chumvi? Ukanieleza habari ya magadi na kwamba samaki wa baharini angekufa humo kabla sijafunga mlango. Maji ya bomba pia ukayakataa, ukanionyesha meno yangu kwenye kioo, haya ya rangi ya chai ambayo kila mtu aliyekulia hapa anayo, ukasema kitu kinachofanya meno hivi hakiwezi kuingia kwa tanki lako. Maji ya paa pia hapana, mabati yana sumu yake. Kwa hivyo mvua iliponyesha ulitandaza karatasi ya nailoni uani na kusimama kando yake na sufuria, na majirani wakapita wakiuliza tunaanika nini kwenye mvua.

Na chumvi. Ile ya pakiti, ya kutengenezea maji ya bahari, uliyoagiza kwa yule kijana wa Kilifi anayekuza matumbawe, yale mawe hai ya mama yako, ya kuuza. Uliiweka chini ya kitanda cha mama yako kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine. Siku hiyo alicheka mpaka nikaogopa. Daktari alikuwa amemkataza chumvi hata kwenye sukuma wiki. Akasema, "Mboga zangu zina ladha ya karatasi, na nyinyi mmenilaza juu ya gunia la chumvi."

Siku basi la pwani lilipoleta kile kipande cha kwanza cha tumbawe, kwenye mfuko ndani ya boksi la baridi, kilionekana kama kitambaa kibovu cha kufutia meza. Nilijiandaa kwa utani wangu mzuri. Niliutunza usiku kucha. Asubuhi ukawasha taa, tukakaa watatu kitandani, na kile kitambaa kikaanza kunyanyuka kidogokidogo, kikatoa vidole vya kijani, vikafunguka, vikayumba na maji. Utani wangu ukanipotea. Mama yako hakunitazama. Alisema tu, "Umeona?"

Si "nilikwambia." Si "mjinga wewe." Na ningestahili hata lile jina la ng'ombe alilokuwa akiniita nikimuudhi. Nilitaka kumwambia kitu, Nafula, nilikuwa na mdomo wazi kabisa. Nikasema nakwenda kutengeneza chai.

Wiki hizo zilikuwa nzuri. Samaki wale wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari walikuja, na konokono wa kulamba kioo, na yule kaa mdogo anayebeba nyumba ya mtu mwingine. Mama yako aliwajua tabia zao kuliko wewe. Ulipokuwa kazini alinielekeza kutoka kitandani kama mwalimu mkuu, nipunguze chakula, nisigonge kioo, nitoe mkono wangu mchafu.

Halafu nikafika mimi na wema wangu.

Ulikuwa umempeleka kliniki, nami nilibaki kulinda bahari. Nikaona maji yameshuka. Nikafikiri kama mtu wa ng'ombe anavyofikiri: maji yamepungua, basi na chumvi imepungua, na ile ya Kilifi imeisha. Lakini chumvi ninaijua mimi. Nimelisha ng'ombe chumvi maisha yangu yote. Ng'ombe aliyekonda ukimwekea, manyoya yanang'aa na maziwa yanarudi. Nikaenda duka la dawa za mifugo, nikanunua ile nzuri kabisa, nikaikoroga kwenye ndoo ya maji ya mvua kwa uangalifu kama uji wa mtoto, nikamimina. Nilijisikia vizuri sana. Nilikaa nikingojea mnisifu.

Ulipoingia uliona konokono wameanguka chini wote.

"Baba, umeweka nini humu?"

"Chumvi."

"Chumvi gani?"

"Ya ng'ombe."

Sijawahi kuona mtu akikaa chini haraka hivyo. Ukampigia yule kijana wa Kilifi, naye akakueleza kwamba chumvi ya mifugo ina shaba ndani yake, ng'ombe anaihitaji, samaki anaweza kuivumilia kidogo, lakini konokono na kaa na matumbawe haiwaachi. Na mawe yanainyonya na kuitunza. Tena maji yakikauka chumvi haiendi popote, inabaki. Nilipaswa kuongeza maji matupu tu. Nimeishi miaka mingi na ninachemsha chai kila siku na sikuwahi kufikiria hilo.

Haya yote unayajua, ulikuwepo. Nayaandika ili nifike pale tunapopazunguka mimi na wewe tangu mazishi.

Ilikuwa ni siku ya tatu au ya nne ya kubadilisha maji. Mimi nina ndoo, wewe una mpira wa kunyonyea maji, tumempa mama yako mgongo. Matumbawe yalikuwa yamejifunga na kuanza kumomonyoka. Kaa alikuwa ametoka ndani ya ganda lake, jambo baya. Tunabishana. Mimi nasema tutoe mawe, wewe unasema ngoja mpaka kesho, mimi nasema aliyekufa amekufa, wewe umeanza kulia kwa hasira juu ya konokono mmoja. Ndipo akasema nyuma yetu, bila kupaza sauti:

"Nyinyi wawili, geukeni. Anayekufa ni mimi. Si konokono."

Tuligeuka. Nakumbuka uso wako, na nafikiri wewe unakumbuka wangu. Alikuwa amejiinua kwenye mto. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyepanga maneno yake na sasa anatafuta pa kuyaweka.

Na mimi, mzee wa mizaha wa Bondeni, nikasema, "Nani amekwambia unakufa? Nani atanipikia?"

Wewe ukachukua ndoo ukasema unaenda kuchota maji. Uani hakukuwa na maji ya kuchota. Hakukuwa kumenyesha.

Alinitazama kidogo. Akatabasamu, kwa sababu alikuwa na adabu hata kwa wapumbavu, halafu akalala akageukia dirisha. Hakulitaja tena. Mpaka anatuacha alizungumza habari ya nguo, na ya Shangazi, na kama wale samaki wawili wamekula. Nami nilimjibu kila swali la samaki vizuri sana. Nilikuwa nimejifunza.

Watu walipokuja matanga walisema alienda kwa amani. Labda. Mimi ninachojua ni kwamba kuna maneno aliyaandaa na hayakupata mlango, na mlangoni nilikuwa nimesimama mimi nikitania. Sijui yalikuwa nini. Huenda alitaka kuzikwa kwao na si kwetu. Huenda alitaka kuniambia nioe, au nisithubutu. Huenda lilikuwa jambo dogo. Nimejaribu kuyabuni nikiwa peke yangu, lakini yote yanatoka na sauti yangu.

Sikwambii hivi uone kosa lako. Wewe ulikuwa mtoto wake na ulikuwa umechoka, na kwenda kuchota maji yasiyokuwepo ni jambo ninalolielewa kabisa. Nakwambia kwa sababu nimetuona tukilirudia.

Baada ya kumzika uliyatupa mawe yote, ukasafisha vioo, ukaleta mengine, ukaanza pipa upya. Uliniambia hungeweza kuliacha likiwa limekufa. Nikakusaidia. Nilitandaza nailoni kwenye mvua, na safari hii hakuna jirani aliyeuliza. Na sasa ni zuri kuliko la kwanza. Konokono wamezaa. Yale ya kijani yamepanda mpaka nyuma ya jiwe. Jioni tunakaa hapa, wewe unapima chumvi, mimi nasoma kipimo kwa sauti kama mtangazaji, tunazungumza saa nzima, na katika saa hiyo yote hakuna hata mmoja wetu anayemtaja. Kitanda chake kilikuwa pale. Tumeweka kiti, na hatukikalii.

Uliponiambia umepata kazi, unakumbuka nilikujibu nini? Nilikuuliza nani atasafisha kile kichujio. Na wewe ukanieleza namna ya kukisafisha.

Kwa hivyo jibu langu ni hili. Mwambie daktari wa meno abebe.

Abebe samaki wote wawili na konokono na mawe na ile ndoo ya mafuta. Nimemwona, ni mwanamke makini, aliniuliza maswali mazuri na hakuniangalia meno mpaka nilipocheka. Ataliweka pale watu wanapongojea kung'olewa, na watu wanaoogopa watakuwa na kitu cha kutazama. Kwao ni dawa. Kwetu sisi limekuwa ukuta. Likibaki hapa, utapiga simu kutoka huko Dubai na utaniuliza kipimo kimesimama wapi, nami nitakusomea. Utaniuliza kama yale ya kijani yamefunguka, nami nitasema yamefunguka. Tutaongea mpaka salio liishe, na tutakuwa tumechota maji yasiyokuwepo kwa miaka yote miwili ya mkataba wako. Na siku samaki mmoja akifa sitakwambia, nitanunua mwingine anayefanana, na huo ndio utakuwa mwanzo wa kudanganyana.

Ukipiga simu niulize mimi. Niulize nimekula. Nitakudanganya, lakini uliza mara ya pili. Niulize kama nimelala, kama magoti yanauma, kama leo nimemkumbuka. Na wewe uniambie ukilia. Usinieleze habari ya papa. Papa wana watu wao.

Na kama kuna siku nitakwambia kwamba ninaumwa, na unajua naweza kusema jambo kama hilo kwa kicheko, usiniulize nani amesema. Usinitanie hata kama nimekulea kwa utani. Nyamaza, ukae kwenye simu, uniache nifike mwisho wa sentensi.

Sasa lile jingine, ambalo nimelizunguka tangu chai kama kuku aliyeona paka. Sitaki uende. Sijasema hivyo hata mara moja kwa sababu niliona nitakufunga. Nimecheka na kila mtu hapa mtaani, nimejigamba mpaka Barasa ananikwepa, na sitaki uende. Nyumba hii itakuwa kubwa kupita kiasi na mimi sina tena wa kumchokoza. Na pia nataka uende. Nataka mikono yako iliyofanya bahari kwa vioo vya taka ipewe vioo vya kweli. Yote mawili ni kweli, na hayapatani, na sitajifanya yanapatana. Wewe beba yote mawili. Usichague moja ili upate usingizi.

Nakusikia umeacha kukanyaga begi. Taa yako inawaka chini ya mlango, kwa hivyo najua hujalala, na najua umeketi kitandani ukijiuliza baba anaandika nini muda wote huu, yeye ambaye hata jina la kanisa analikosea. Barua hii nitaipitisha hapo chini ya mlango.

Usinijibu kwa karatasi, wala usiweke hii ndani ya begi uje kuisoma ndegeni. Isome sasa. Halafu fungua mlango utoke. Nimekiweka kile kiti karibu yangu, na tukikaa nitaanza mimi, nitasema jina lake. Rosa. Nikilia, niache. Na wewe ukilia sitakucheka, ingawa Mungu anajua unapolia unafanana kabisa na shangazi yako.

Baba